Madirisha ya luva na chumba cha kiyoyozi: pima kwa ndoo kabla hujaita fundi

Nje ya dirisha la chumba changu cha kulala, hapa Dar es Salaam, huwa pana ndoo ya rangi ya lita 20. Niliiweka ipokee maji ya kiyoyozi yasije yakauchimba msingi. Asubuhi moja ya Februari niliichungulia nikakuta imefika katikati. Lita 10, usiku mmoja, chumba cha watu wawili. Kwa miaka miwili nilikuwa nayamwagia mchicha maji yale na kwenda zangu, sikuwahi kujiuliza chumba kilichofungwa mlango na madirisha kinayatoa wapi.

Yalikuwa yanaingia dirishani. Lile dirisha lilikuwa la luva: vipande vya kioo vinavyopandana kama magamba ya samaki. Ukivuta mkono wake vinafumba, lakini havibani. Kioo kinagusana na kioo, hakuna mpira katikati, na kwenye ncha za kila kipande kuna kipachiko cha chuma chenye uwazi wa kupitisha kijiti cha kiberiti. Usiku wa upepo ukiweka kiganja pale unaihisi hewa ya bahari inavyoingia.

Nikafanya wanachofanya wengi. Nikaita fundi wa aluminiamu, nikabadilisha madirisha yote saba ya nyumba kwa mkupuo. Ndoo ikashuka hadi lita 7. Mimi nilitegemea 2. Na sebule, ambayo haina kiyoyozi, ikawa tanuri. Haya yanayofuata ni mpangilio ambao ningeufuata kama ningepewa nafasi ya kuanza upya. Mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja anaweza kuufuata vilevile, maana hewa yetu ni moja.

Kwanza elewa kiyoyozi kinahangaika na nini

Miongozo mingi ya madirisha iliyojaa mtandaoni imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Wao nje kuna barafu, ndani kuna moto, na dirisha bovu linavujisha joto. Huku kwetu tofauti ya joto kati ya nje na chumbani usiku ni nyuzi 5 au 6 tu. Kinachotumaliza ni unyevu.

Chukua usiku wa Februari: nje nyuzi 30, unyevu asilimia 75. Kila mita moja ya ujazo ya hewa hiyo imebeba takriban gramu 23 za maji. Chumbani umeweka nyuzi 25, na kiyoyozi kimeushusha unyevu hadi asilimia 55 hivi; hapo mita ya ujazo ina gramu 13 tu. Kwa hiyo kila mita ya ujazo inayopenya kutoka nje inaingia na gramu 10 za ziada, na kiyoyozi lazima kiikamue kama mtu anayekamua tui. Mita 100 za ujazo zikipenya, lita moja ya maji inaishia kwenye ndoo.

Kuyageuza maji yaliyo hewani kuwa matone ni kazi nzito. Katika mzigo wote unaoletwa na hewa ya nje, karibu sehemu nne kwa tano ni kukamua maji, na moja ndiyo kupoza. Ukipiga hesabu ya maji pamoja na joto linaloandamana nayo, kwa kiyoyozi ambacho ubaridi wake ni mara tatu ya umeme kinaokula, kila lita ya maji yaliyoingia na hewa inakugharimu robo ya uniti na kidogo, kama 0.28.

Kwenye tarifu ya T1 ya TANESCO, ile ya matumizi ya kawaida ya nyumbani, uniti moja ukijumlisha kodi na tozo ni shilingi 350 na ushee. Kwa hiyo lita moja ya ndoo ni shilingi 100. Hesabu nyepesi, unaweza kuipiga umesimama nje na mswaki mdomoni. Mwenye kiyoyozi kipya cha inveta atoe kidogo, mwenye kikuukuu aongeze. Wa Mombasa achukue hiyo robo ya uniti aizidishe kwa bei ya tokeni zake. Na kama bado uko D1, ile tarifu ya wenye matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, ujue kiyoyozi na D1 havikai nyumba moja.

Hatua ya 1: Pima usiku saba kabla ya kugusa kitu

Usiiruke hatua hii. Bila namba za kabla, baada ya kazi utabaki na maneno ya fundi tu.

Tafuta ndoo nyeupe. Mimina maji kwa chupa ya lita moja, kila lita piga mstari kwa kalamu ya maka ubavuni hadi ufike 15. Ielekeze bomba ya maji ya kiyoyozi ndani yake. Kama bomba inaingia ukutani au kwenye mfereji, unganisha kipande cha mpira wa maji. Funika mdomo wa ndoo kwa kitambaa mvua isichangie, na mbu wasipate pa kutagia.

Weka nyuzi 25, uziache hapo. Washa saa 3 usiku, zima saa 12 asubuhi, kila siku saa zile zile. Usiku wa kwanza usiuhesabu: godoro, mapazia na nguo za kabatini zimebeba unyevu wa mchana na zinautema. Kuanzia usiku wa pili, andika kwenye daftari: lita, uniti za LUKU (mita ya tokeni) wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima, na hali ya hewa kwa neno moja. Mvua. Upepo. Shwari. Usiku huo asipige mtu pasi wala kuwasha hita ya maji, la sivyo mita itakudanganya. Ukiweza, nunua kile kipimajoto kidogo cha mezani kinachoonyesha na unyevu.

Kumbuka na nyinyi wenyewe mnatoa maji. Watu wawili waliolala, kwa pumzi na jasho, wanatoa karibu lita moja kwa usiku. Hiyo haitokani na dirisha, kwa hiyo itoe kwenye hesabu.

Hatua ya 2: Tafuta matundu kwa moshi wa udi

Hapa ndipo nilipojifunza kuwa sikuijua nyumba yangu.

Wenzetu wana chombo maalumu: feni kubwa inayofungwa mlangoni, inanyonya hewa mpaka tofauti ya msukumo kati ya ndani na nje inafika paskali 50, kisha wanasoma ni hewa kiasi gani inapenya. Kilianzia Uswidi miaka ya 1970, na cha kuchekesha ni kwamba mwanzoni walikifunga dirishani, siyo mlangoni. Watafiti wa Princeton, Marekani, walipokitumia kwenye nyumba za kule mwishoni mwa miaka hiyo, wakaona hewa nyingi inapita njia za kificho, darini na kwenye kuta, kuliko kwenye madirisha na milango ambavyo kila mtu alikuwa akivilaumu.

Wewe hutahitaji chombo hicho. Chukua feni ya mezani, iweke kwenye uwazi wa mlango wa chumba ikipuliza kutoka chumbani kwenda koridoni. Sehemu ya mlango iliyobaki izibe kwa blanketi au boksi lililobanwa kwa gundi ya karatasi. Fungua madirisha ya koridoni na sebuleni ili hewa inayotoka ipate pa kwenda. Funga dirisha la chumba unavyolifunga usiku. Washa feni kwa kasi ya mwisho. Kama chumba ni masta na choo kina feni ya kunyonya hewa, iwashe hiyo pia.

Sasa washa kijiti cha udi. Kipitishe polepole, sentimita 2 au 3 kutoka ukutani, na mapazia na chandarua uviondoe kwanza, maana tunatafuta hewa, hatutafuti moto. Pasipo na tundu moshi unapanda wima. Penye tundu utauona unainama ghafla kuja kwako, kama umepulizwa na mtu aliyejificha upande wa pili.

Anza na dirisha, lakini usiishie hapo. Pita kwenye kiungo cha fremu na ukuta, kote kuizunguka. Pita juu ya dirisha, kwenye kile kijidirisha cha wavu kisichofungwa au matofali ya matundu ambayo nyumba nyingi za zamani zinayo. Pita pale bomba za kiyoyozi zinapotoboa ukuta. Pita kwenye soketi na swichi. Panda ngazi, pita kwenye ukingo wa dari ya jipsam na kuzunguka kila taa iliyozamishwa darini. Malizia kwa mlango unaotoka nje, kama upo.

Kwangu dirisha jipya la aluminiamu lilitikisa moshi kidogo tu. Nilipofika nyuma ya kiyoyozi, kijiti karibu kizimike. Kulikuwa na kifuniko kizuri cha plastiki, cheupe, kimekaa vizuri. Nikakibandua. Nyuma yake tundu la ukubwa wa ngumi, bomba mbili za shaba na waya zimepita katikati, na pembeni mwanga wa nje unaonekana. Nilimpigia aliyefunga.

“Bosi, ile imefunikwa.”

“Imefunikwa, haijazibwa.”

“Sasa bosi, hewa itapitaje na kifuniko kipo?”

Ya pili ilikuwa dari. Ukingo wa jipsam juu ya kabati la nguo haukumaliziwa, kwa sababu kabati lilishajengwa na fundi aliona hapaonekani. Hewa ya chini ya bati ni mbaya kuliko ya nje: ina unyevu ule ule, na mchana inapata joto la bati juu yake.

Hatua ya 3: Ziba vya bei ndogo, kisha pima tena

Tundu la bomba lijaze povu la kupuliza au sementi na mchanga laini, likikauka lizibe kwa silikoni pande zote mbili, huku upande wa nje ukiinamia chini maji ya mvua yasiingie. Nyufa za dari zijaze jipsam. Kuzunguka taa tumia silikoni nyembamba, lakini taa inayochemka usiizibe juu kwa povu. Mlango wa koridoni wekea brashi au mpira wa chini. Kwa leo usiku, kanga iliyoviringishwa inatosha.

Kijidirisha cha wavu juu ya dirisha kipachikie kioo au pleksi (kile kioo cha plastiki) kwa klipu za kugeuza, ili ukiamua kulala bila kiyoyozi ukifungue.

Kisha zirudie luva zenyewe. Angalia vipande vilivyomeguka kona, vipachiko vilivyopinda, mkono uliolegea ribiti hata hauvuti mpaka mwisho. Hivi vinabadilishwa kimoja kimoja. Kuna na njia ambayo siku hizi namwambia kila anayeniuliza: kata pleksi ya ukubwa wa fremu, bandika sponji ya kujigandisha pembeni, ibane upande wa ndani msimu wa joto, ifungue upepo wa kusi ukianza. Haina urembo. Inafanya kazi.

Pima usiku mwingine tano. Ikiwa ndoo imeshuka kwa lita tatu au zaidi, kaa chini ufikirie kabla ya kuagiza dirisha.

Hatua ya 4: Chumba gani kibadilishwe

Badilisha dirisha la chumba chenye kiyoyozi, na kama hakina, usiguse luva. Sababu ni rahisi. Luva ikifunguka, karibu uwazi wote wa dirisha unapitisha upepo, na hata mvua ikinyesha unaweza kuilaza kidogo hewa ikaendelea kuingia. Dirisha la kusukuma la vioo viwili linafungua nusu tu, maana kioo kimoja kinajificha nyuma ya mwenzake. Ulikuwa na mita mbili za mraba za upepo, umebaki na moja, ukatoe tena na wavu wa mbu. Unafidia kwa feni mchana kutwa, au mwishowe unanunua kiyoyozi cha sebuleni. Hapo madirisha “ya kubana umeme” yameongeza umeme.

Kwenye maghorofa ya zamani ya Upanga na Kariakoo utaona wakazi wamebadilisha vyumba vya kulala na kuacha luva jikoni na ngazini. Wameelewa.

Ukiwa Mji Mkongwe wa Unguja usianze na fundi. Ule mji ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na sura ya dirisha la nje haibadilishwi bila kibali. Pale pleksi ya ndani ndiyo rafiki yako, na mashata ya mbao yaliyopo ni kivuli bora kuliko chochote utakachonunua.

Hatua ya 5: Aina ya dirisha

Dirisha la kusukuma limetawala kwa sababu haligombani na grili: linakwenda kushoto na kulia, nondo ziwe nje au ndani. Udhaifu wake ni kwamba linabana kwa brashi. Likiwa jipya brashi imejaa; baada ya miaka michache ya vumbi, chumvi na mchanga, imelala. Mahali panapovuja kuliko pengine ni katikati, vioo vinapokutana, hasa juu na chini kwenye reli. Muulize fundi kama anaweka kizibo cha katikati hapo. Wengi hawaweki mpaka waulizwe.

Dirisha la bawaba, linalofunguka kama mlango au linaloning’inia kwa juu, linabana kwa mpira: ukigeuza mkono, fremu inaubana mpira pande zote nne. Kwa kuzuia hewa hili linamshinda mwenzake waziwazi. Tatizo ni grili. Likifunguka nje, nondo lazima ziwe ndani, na mkono wako upite katikati ya nondo kulifikia. Panga hilo kabla, siyo siku ya kufunga.

Jaribu karakana kabla ya kulipa. Kwa la bawaba, fungia noti ya elfu moja kati ya fremu na kioo, uivute. Ikitoka kwa kuteleza, mpira haubani. Kwa la kusukuma jaribio hilo halifai. Omba mtu amulike tochi ya simu upande wa pili wewe uangalie kwenye kivuli ni wapi mwanga unapenya.

Kuhusu kioo cha tabaka mbili: utakuta watu wanakiuza kama dawa ya umeme. Piga hesabu. Mita mbili za mraba za kioo cha kawaida, tofauti ya nyuzi 6, zinapitisha wati 70 hivi. Tabaka mbili zinapunguza hizo kufika nusu. Lakini kioo hicho hicho kikitazama magharibi na jua la saa 10 alasiri likakipiga, kinaweza kuingiza wati 800. Kwa hiyo pesa ya tabaka la pili inunue kivuli cha nje: shata, turubai, kibaraza cha bati, hata mti. Pazia la ndani linasaidia kidogo tu, kwa kuwa jua likishapita kioo limeshaingia nyumbani. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapita karibu na utosi mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini au kusini linakingwa na upenu wa kawaida. Adui ni mashariki na magharibi. Tabaka mbili zichukue kama una kelele za barabara au za jirani mwenye spika.

Hatua ya 6: Vipimo na siku ya kufunga

Pima upana mara tatu: juu, katikati, chini. Pima urefu mara tatu. Pima kona kwa kona, mara mbili. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, toa milimita 5 hadi 10 kila upande. Ukuta wa tofali zetu haujawahi kunyooka, na dirisha linalopigwa nyundo liingie litapinda fremu, na fremu iliyopinda haibani tena.

Aluminiamu inatanuka kwa joto. Fremu ya mita moja na nusu, ikipata tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na jua kali, inarefuka milimita moja. Ndogo, lakini sementi iliyoganda haijui kurefuka. Itapasuka uzi mwembamba, na uzi huo ukizunguka dirisha zima ni tundu. Pia sementi mbichi inakula aluminiamu. Basi fremu isimwagiwe sementi ubavuni. Nafasi ikizidi sentimita 2, jaza plasta kwanza iache ikauke, ndipo fremu ije.

Fremu ikae kwenye vipande vya plastiki, ipimwe kwa pima maji, ifungwe kwa skrubu zisizoshika kutu. Hili la kutu ni muhimu kwa aliye karibu na bahari. Kisha katika ule uwazi wa pembeni isukumwe kamba ya povu, na juu yake silikoni. Kamba hiyo fundi atataka kuiruka. Simama hapo. Bila kamba silikoni inazama ndani, inashika pande tatu, haivutiki, inachanika.

Silikoni inusu kabla haijapakwa. Ile inayonuka siki haishiki vizuri kwenye plasta na inaweza kula chuma. Unataka isiyo na harufu ya siki. Na ukuta upakwe rangi kwanza, kwani rangi haishiki juu ya silikoni.

Kingo ya nje iinamie nje. Chini ya reli ya dirisha la kusukuma kuna vitundu vya kutolea maji ya mvua. Usikubali vizibwe kwa kisingizio cha hewa. Vitapitisha hewa kidogo, vumilia. Vikizibwa, masika ya kwanza maji yatajaa kwenye reli na kumwagika ndani kitandani. Kabla fundi hajaondoka, fungua mpira wa maji, nyunyizia dirisha dakika tano kutoka nje, mtu akiwa ndani na kitambaa kikavu.

Halafu rudia udi.

Hatua ya 7: Usikibane chumba kikawa kopo

Mimi huhesabu mita 15 za ujazo za hewa mpya kwa kila mtu kwa saa. Watu wawili, saa tisa, ni mita 270, ambazo kwenye ndoo zinaleta karibu lita 3. Ongeza ile moja ya pumzi na jasho, unapata kama lita 4. Hiyo ndiyo namba ninayoitafuta. Ikishuka chini ya 2, mmelala kwenye hewa yenu wenyewe, na asubuhi kichwa kitakuwa kizito: acha mlango wa koridoni wazi kidogo au fungua kijidirisha cha juu sentimita moja.

Kioo kikitoa jasho upande wa nje alfajiri, usiogope. Kioo kimepoa kuliko hewa ya nje, ndiyo maana umande umekaa. Jasho likiwa ndani, au kuvu ikiota nyuma ya kabati, hapo kuna hewa ya nje inayoingia na kugonga ukuta uliopoa. Rudi na udi.

Sasa neno zito. Jenereta isiwashwe chini ya dirisha, na jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Nawaambia zaidi ndugu wa Njombe, Makete, Mbeya na Lushoto, ambako madirisha mapya yanawekwa ili kuzuia baridi ya Juni na Julai. Dirisha la zamani lilikuwa linavuja, na kwa kuvuja huko liliokoa watu bila wao kujua. Ukibana dirisha kisha ukaingiza mkaa uliokolea, kaboni monoksidi inajaa chumbani. Haina harufu, haina rangi, na aliyelala haamki kuikimbia. Blanketi la pili ni rahisi kuliko mazishi.

Hatua ya 8: Pima tena, upige hesabu bila kujipendelea

Rudia usiku saba: nyuzi zile zile, saa zile zile, na msimu ule ule, kwa sababu ukilinganisha Februari na Julai utajisifu bure.

Yangu ilitoka hivi. Luva: lita 10. Dirisha jipya: 7. Baada ya kuziba tundu la bomba, dari na mlango: 4. Lita 6 pungufu, yaani shilingi 600 kwa usiku. Mimi huwasha kiyoyozi kuanzia katikati ya Novemba hadi Aprili, usiku kama 150. Jumla shilingi 90,000 kwa mwaka.

Zigawe. Dirisha la chumba kile lilinigharimu shilingi 480,000 na limeokoa lita 3, yaani 45,000 kwa mwaka. Zaidi ya miaka 10 kurudisha pesa. Silikoni, povu, jipsam na mpira wa mlango vilikuwa chini ya 30,000, na navyo vimeokoa lita 3. Havikumaliza hata msimu mmoja. Dirisha jipya silijutii chumbani, vumbi na kelele vimepungua na usingizi umekuwa mtamu, lakini kwa umeme peke yake halikunilipa.

Ya sebuleni ndiyo niliyoyajutia. Fremu za luva zilikuwa bado nyuma ya nyumba, fundi alishakuja mara mbili kuziulizia akaziuze chuma chakavu. Nilimlipa azirudishe upande unaopokea kusi. Alizifunga huku akitikisa kichwa. Chumbani ndoo haivuki tena mstari wa nne, na mchicha sasa naumwagilia maji ya DAWASA.